Mashine Iliyoniamkia Kabla ya Wifi

Kitendawili. Nina mfuko hauna zipu wala kifungo. Nikiujaza haunenepi, ukiisha haukondi. Ni nini?

Mjukuu wangu Chiriku alijibu hata sijafunga mdomo. "Kadi ya basi, bibi. Tega kingine, hicho hata paka angekitegua."

Chiriku si jina lake. Namwita hivyo kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Ni binti mkubwa tu, anajifunza ususi, na tunaishi wote vyumba viwili, mimi na yeye. Jioni yeye anachana nywele za kubandika kwenye kichwa cha plastiki, mimi natega vitendawili, na sufuria inachemka peke yake.

Kadi yenyewe mnaijua. Kijiplastiki kigumu, unakitia pesa kwenye kibanda, unakiingiza mkobani, na pesa hazionekani tena. Ukifika mlango wa basi kuna mashine imebandikwa kwenye nguzo, sawa na sahani iliyosimamishwa wima. Unaigusisha kadi, inakata nauli, unapita. Zamani mabasi yote yalilia "tii" tu. Siku hizi yanaongea. Ukigusisha kadi ya mtu wa kawaida mashine inasema, "Karibu." Ya mwanafunzi inasema, "Soma kwa bidii." Na ukigusisha kadi ya mzee, ile ya nusu nauli yenye picha yako juu yake, inasema, "Shikamoo."

Sijui ni nani aliyepanga hivyo. Ni mtu mwenye bibi yake, nadhani. Sauti ni ya binti, laini, ungesema ameinama kidogo. Siku ya kwanza nilisimama pale pale nikaijibu, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" Nikangoja. Watu nyuma yangu wakaanza kusukumana.

"Bibi, pita tu," dereva akaniambia. "Huyo hana la zaidi."

Basi nikapita. Lakini marahaba naitoa kila siku mpaka leo. Wanaocheka wacheke. Kuamkiwa halafu ukanyamaza ni jambo nisilolijua, na mdomo wangu haungoji kuuliza kama ni mtu au ni chuma.

Sasa niwaeleze habari za wifi yangu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Lakini kabla hajawa wifi alikuwa mwenzangu wa dawati. Tulianza darasa la kwanza pamoja, tukakaa kiti kimoja, na yeye ndiye aliyenipeleka kwao siku ile nikamwona kaka yake anatengeneza baiskeli uani, mikono imejaa grisi hadi viwiko. Kwa hiyo mume wangu nilimpata kupitia kwake, na hilo hakuacha kunikumbusha. Ndoa ikipendeza anasema, "Si mimi niliyekutafutia?" Ikichacha anasema, "Mimi nilikuonyesha baiskeli tu."

Tumeishi hivyo, kwa utani. Na utani wetu mkubwa ulikuwa mmoja: nani mkubwa. Hatukujua. Wakati wetu mtoto alizaliwa, akapakatwa, akalala. Hakuna aliyetafuta kalamu. Tulipokwenda kuandikisha vitambulisho, mwandikishaji aliwauliza watu wote wa rika letu tarehe ya kuzaliwa, wote wakatazama dari, naye akawapa wote tarehe mosi Januari. Ukisikiliza vitambulisho, kizazi chetu kizima kilizaliwa siku moja. Sijui wakunga siku ile walikula saa ngapi.

Kwa hiyo kila mmoja alijipa ukubwa. Mimi nikiomba chumvi kwake anasema, "Umefanya vizuri kuja kwa mkubwa wako." Yeye akisahau miwani namwambia, "Mdogo wangu, umri huo bado sana kusahau." Mume wangu alikuwa anatutazama na kutikisa kichwa. "Nyie mtazeeka lini?" Basi, tukazeeka.

Kadi za wazee zilipotangazwa tulikwenda kuchukua pamoja, tumeshikana mikono. Ofisi ilikuwa chumba kirefu chenye mabenchi, feni moja inayozunguka kwa uvivu, na mwishoni kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani, mbele yake kamera ya miguu mitatu. Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi iliyoishia kitovuni. Akachukua vitambulisho vyetu, akavitazama, akatutazama.

"Bibi zangu, nyie mapacha?"

"Mapacha wa wapi?" nikasema. "Huyu ni wifi yangu."

"Mmezaliwa siku moja, mwaka mmoja."

"Hata yule pale," wifi akasema, akimwonyesha babu mmoja aliyekuwa anasinzia. "Muulize."

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, akasema, "Haya, mkubwa atangulie kupiga picha."

Tukasimama wote wawili.

Hapo kicheko kilipanda. Na sisi tulicheka. "Kaa chini, mdogo wangu," wifi akaniambia. "Kaa wewe," nikamjibu, "mimi nilipoanza kutembea wewe ulikuwa bado unaota meno." Karani akasema foleni ni ndefu. Nikapiga hatua mbele, wifi akanishika mkono wa gauni, na uso wake ukabadilika. Labda ni joto, labda ni macho ya watu. Akasema, bila utani wowote, "Mimi ndiye dada mtu. Wewe kwetu ulikuja mgeni."

Mgeni. Baada ya maisha yote yale, na mwenye nyumba tumeshamzika.

Sikufikiri. Nikasema, "Mgeni huyo ndiye aliyemwogesha kaka yako alipokuwa hawezi kujigeuza. Wewe dada mtu ulikuwa unakuja Jumapili."

Feni ikazunguka. Hakuna aliyecheka tena. Tulipigwa picha, sikumbuki hata nani alianza, na ndiyo maana kwenye kadi zetu zote mbili tumenuna kama watoto waliotoka kuchapwa.

Tangu siku ile hatukusemeshana. Lakini msidhani tulinuniana. Mtu akiniuliza, "Umegombana na wifi yako?" nilisema hapana, na yeye, nasikia, alisema hapana. Kila mmoja alikuwa anangoja tu kuamkiwa. Mdogo ndiye anayeanza, si ndivyo? Mimi mkubwa, nianze vipi? Na yeye mkubwa, aanze vipi? Basi tukakaa hivyo, wakubwa wawili, hatuna mdogo.

Ubaya ni kwamba tunapanda basi moja. Mimi nafanya kazi kwa fundi cherehani, kazi za mkono: kupiga pindo, kushona vifungo, kumalizia matundu ya vifungo ambayo mashine inayaacha na nyuzi zinaning'inia. Wifi anakunja mashuka kwenye kiwanda kinachofua nguo za hospitali. Mimi napanda kituo cha kwanza, yeye kinachofuata. Miaka yote nilimshikia kiti kwa mkoba wangu, pembeni yangu, upande wa dirisha kwa sababu yeye kichefuchefu kiko karibu.

Niliendelea kumshikia. Mkono ulikuwa umezoea. Naweka mkoba kitini, wifi anapanda, anapita, anasimama kule katikati ameshika bomba, shingo imenyooka kama anapimwa urefu.

"Bibi, hapa kuna mtu?" fundi mmoja wa kuchomelea aliniuliza siku moja. Huyo hupanda na miwani yake myeusi imekaa kichwani, na maneno hayamwishi.

"Yupo."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Hajakaa tu."

Akamtazama wifi, akanitazama mimi, akaguna. "Makubwa haya."

Kisha likatokea lile la kunivunja kabisa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimekaa kiti cha mbele, mgongo umeelekea mlangoni, natafuta miwani mkobani. Basi likasimama kituo cha wifi. Nikasikia nyuma yangu, karibu kabisa na sikio, sauti ya kike, ya adabu: "Shikamoo."

Jamani. Niligeuka na uso wote umefunguka, nikasema kwa sauti ya basi zima kusikia, "Marahaba, wifi yangu! Marahaba sana! Hujambo?"

Wifi alikuwa amesimama pale na kadi mkononi, mdomo umefungwa ndi. Alikuwa hajasema neno. Ilikuwa mashine.

Fundi wa kuchomelea alicheka mpaka miwani ikamdondoka puani. Wanafunzi nao wakaanza, "Marahaba, wifi yangu!" huku wakipigana viwiko. Dereva mwenyewe mabega yalikuwa yanacheza. Na wifi, ambaye hakuwa amenitupia neno tangu ofisi ya kadi, akanitazama kutoka juu hadi chini akasema, "Hongera, wifi. Umeamkiwa na chuma."

Akapita.

Mtaniona mjinga, lakini nusu ya moyo wangu ilifurahi. Alikuwa amesema. Hata akaniita wifi. Nusu ya pili iliona aibu, maana alidhani nimefanya makusudi, kwamba nimeivizia mashine ili nijitwalie ukubwa mbele za watu. Kesho yake hakupanda basi letu. Wala keshokutwa. Nikasikia anapanda lile la nyuma yake, lile linalojaa, ili asikutane na mimi.

Sasa siku moja Chiriku akarudi kutoka chuoni, akaweka kile kichwa chake cha plastiki mezani, akakaa kimya. Chiriku kimya! Nikajua kuna msiba.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Bibi Shangazi anahama." Bibi Shangazi ndivyo anavyomwita wifi, kwa kuwa mama yake alikuwa anamwita shangazi. "Nimemsuka leo. Mwanawe anakuja kumchukua Jumamosi, anakwenda kukaa naye kule kwake. Moja kwa moja. Ameshagawa vyombo."

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Nikaendelea kuutia, haukuingia.

"Ameniulizia?"

"Aliniuliza kama goti lako bado linauma."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia akuulize mwenyewe."

"Chiriku!"

"Sasa bibi, mimi posta?"

Nikaweka sindano chini. Mwanawe anakaa mji wa mbali, wa kulala njiani. Mtu wa umri wetu akienda huko kwa kuhama, kuonana tena ni bahati. Nikawaza: yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani aliyenijua mimi nikiwa na miguu myembamba na begi la shule lililoshonwa kwa kitambaa cha pazia. Watoto wangu wananijua mama. Chiriku ananijua bibi. Nikisema, "Unakumbuka ile siku mume wangu alipopaka rangi mlango akajifungia ndani?" nani atanijibu, "Ndiyo, na akatokea dirishani"? Wifi akiondoka Jumamosi bila sisi kuagana, huyo msichana mwenye miguu myembamba anaondoka naye, na hatutaagana tena.

"Bibi," Chiriku akasema, "kitendawili."

"Sina hamu."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Bibi wawili wanacho tele, hakinunuliwi, kila mmoja anamnyima mwenzake, na mashine ya basi inakigawa bure."

Nilijua jibu. Nikajifanya nalitafuta.

"Umeshindwa? Nipe mji."

"Nakupa."

"Mji gani?"

"Huu huu, na mabasi yake yote, na wewe mwenyewe uondoke nao." Akacheka, akanikumbatia shingo na harufu ya mafuta ya nywele. Lakini usiku ule nilijikaza kisabuni, nikaamua. Ukubwa nitampa. Nitamwamkia. Mtu akikosa nafasi ya kuwa mdogo mbele ya wifi yake, ukubwa atautumia wapi?

Ijumaa nikaacha basi langu liende. Nikangoja lile la nyuma, lile linalojaa. Nikapanda, nikagusisha kadi, "Shikamoo," "Marahaba," nikagoma kwenda ndani. Nikasimama pale pale karibu na mlango nimeshika nguzo, watu wananipita wakinisukuma na vikapu. Na nani yuko kiti cha mbele? Fundi wa kuchomelea. Alikuwa amechelewa siku hiyo.

"Bibi, leo umehamia huku? Njoo ukae."

"Kaa tu, mwanangu. Nina kazi hapa mlangoni."

"Umeajiriwa kuitikia?"

Maneno nilikuwa nimeyapanga mdomoni, nayabeba kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Basi likasimama kituo cha wifi. Akapanda, amevaa vizuri, nywele zimesukwa upya na Chiriku, mkononi kifurushi: aproni ya kiwandani, anakwenda kuirudisha na kuwaaga wenzake. Akaniona. Macho yakamtoka kidogo, akayarudisha. Akagusisha kadi.

"Shikamoo," mashine ikasema. Taa ikawa nyekundu. "Salio halitoshi."

Ndiyo adabu ya siku hizi: inakuamkia na kukufukuza kwa pumzi moja.

Akagusisha tena. Ikamwamkia tena, ikamkatalia tena. Watu nyuma yake wakaanza kunong'ona. Nikaelewa upesi kuliko yeye: hakuwa amejaza kadi, maana kuna haja gani ya kujaza kadi ya mji unaouhama? Alikadiria imfikishe Ijumaa, ikamwishia mlangoni.

"Mgusie ya kwako, bibi," mtu akaniambia. Lakini kadi ya mzee haikubali mara mbili safari moja. Ukijaribu inalia kama imekanyagwa.

"Nikugusie mimi, bibi?" fundi wa kuchomelea akasimama, kadi yake tayari mkononi. Kijana mwenye moyo, yule.

"Sihitaji," wifi akasema. "Asante." Akageuka, akashuka na kifurushi chake, na mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mlango ukaanza kujifunga.

Lile yai langu bado liko kwenye kijiko.

"Dereva, nishushe!"

"Bibi, umepanda sasa hivi!"

"Nishushe, mwanangu, nimesahau kitu."

Mlango ukafunguka kwa kuguna, nikashuka, goti likilalamika. Basi likaondoka. Nikamwona fundi wa kuchomelea amebandika uso dirishani kama mtoto, anataka kuona itakuwaje, mpaka kona ikamficha.

Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo, kifurushi mapajani. Hakunitazama.

"Umeshuka kufanya nini? Nauli yako imeshaliwa."

"Nimeshuka kuongea."

"Ongea."

Na hapo, baada ya kupanga usiku kucha, nikakosa pa kuanzia. Gari likapita. Mtu mwenye mwavuli akaja akasimama mwisho wa kituo. Nikashika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, wifi."

Akanyanyua kichwa. Akatazama barabarani, huku na huku.

"Nini?"

"Umesikia."

"Nilidhani ni mashine."

"Mashine imeondoka na basi."

"Basi rudia."

"Sirudii. Mimi si redio."

Akaniangalia sana. Midomo yake ikaanza kucheza, sikujua kama ni kicheko au ni kilio, na nadhani na yeye hakujua.

"Marahaba," akasema, polepole, kama mtu anayeonja chai kusikilizia sukari. Kisha tena, vizuri zaidi: "Marahaba, wifi yangu. Hujambo? Goti?"

"Goti lipo. Linanijulisha mvua."

Akasogea, nikakaa. Akavua miwani, akaifuta na ncha ya mtandio, akaivaa, akaivua tena.

"Lile neno la mgeni," akasema.

"Liache."

"Siliachi. Lilinitoka na sikuwa na maana nalo. Mgeni gani anajua mpaka mahali mama alipoficha sukari?"

"Na langu la Jumapili."

"La Jumapili lilikuwa kweli," wifi akasema. "Ndiyo maana liliuma. Nilikuwa naogopa kumwona vile, kaka yangu. Nilikuwa nakuja nimejifunga moyo, nakaa kidogo, nakimbia. Wewe hukuwa na pa kukimbilia."

Nikamshika mkono. Mikono yake imelainishwa na mvuke wa yale mashuka, yangu ina matobo ya sindano. Tulipokuwa wasichana ilikuwa sawasawa, huwezi kujua upi wa nani.

"Unaondoka kweli?" nikamuuliza.

"Vyombo nimegawa."

"Sikuulizi vyombo."

Akatazama kifurushi chake. "Mwanangu ananiomba kila mwaka, na kila mwaka namwambia nitakuja, siendi. Safari hii akaniuliza kwenye simu, 'Mama, kwani huko una nani?' Siku zote jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nilikuwa namwambia, 'Nina wifi.' Safari hii nikafungua mdomo, nikaona hakuna kitu. Nikamwambia, haya, njoo unichukue."

Yule mtu wa mwavuli akatazama saa yake, akatutazama sisi.

"Sasa nikwambie jambo," wifi akasema, sauti imeshuka, "na usipige kelele, tuko barabarani."

"Sema."

"Mimi ndiye mdogo."

"Nini?"

"Mama aliniambia. Siku nilipozaliwa mama yako alikuja kunitazama, na wewe amekubeba mgongoni, una meno mawili. Ukanivuta sikio, nikalia."

Nikamwangalia. Meno mawili! "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku zote."

"Na umeniacha nikuamkie!"

"Ulikuwa na haraka. Nikuzuie vipi?"

"Nirudishie shikamoo yangu! Sasa hivi!"

"Imeshakatwa, wifi," akasema, mkono kifuani, uso mkavu kama wa karani. "Ikishakatwa hairudi."

Tulicheka. Tulicheka vibaya, ile ya kuegemeana mabega na kupiga benchi, mpaka mtu wa mwavuli akasogea mbali kidogo na sisi ingawa mvua haikuwepo. Basi lingine likaja, likafungua mlango, likafunga, likaenda, na sisi bado tunajifuta machozi. Fundi cherehani wangu alikuwa na suruali ananingoja. Akangoja.

"Twende nikajaze kadi," wifi akasema hatimaye. "Kiwandani wananisubiri."

Kibanda cha kadi kiko nyuma tu ya kituo, dirisha dogo lenye nondo, ndani binti mmoja ana kikombe na mashine ya kujazia. Wifi akapitisha kadi yake chini ya nondo. Binti akaitazama ile picha ya kununa, akamtazama wifi anavyocheka, akaitazama tena kama anayeshuku imeibwa.

"Ni mimi, mwanangu," wifi akasema. "Siku ile nilikuwa na njaa."

"Haya, bibi. Nikuwekee ya safari moja, ya wiki, au ya mwezi?"

Wifi akachungulia kadi yake kupitia nondo. Mimi nikageuka, nikajifanya nasoma tangazo lililobandikwa ukutani. Sikutaka macho yangu yaombe. Mtu amegawa vyombo vyake. Mwanawe labda ameshaosha gari. Nilikuwa nimempa shikamoo, nimepata marahaba, na niliapa moyoni kwamba hilo linatosha, sitaongeza neno. Nilisoma lile tangazo mara kadhaa na mpaka leo siwezi kuwaambia lilihusu nini.

"Bibi?" binti akauliza tena. "Ya safari moja?"

"Ya mwezi," wifi akasema.

"Ujue ya mwezi ukiilipia hairudishwi, hata usipopanda. Na nje ya mji huu haifanyi kazi."

"Nimesikia, mwanangu. Bonyeza."

Binti akabonyeza. Wifi akasubiri, vidole vinagonga gonga kwenye ubao wa dirisha, kisha akanigeukia akanipa kile kifurushi cha aproni.

"Nishikie hiki," akasema, anapekua mkoba wake. "Nimpigie mwanangu kabla hajatoka."